Miaka mitatu nakwenda kusikiliza mto, kumbe nasikiliza barabara

#1 Mkaa Jiweni (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Kuna jiwe kando ya mto ambalo nimelikalia miaka mitatu sasa. Sina shughuli pale. Sivui, sifui, sipigi picha. Nakwenda kukaa na kusikiliza maji, nikiondoka kichwa kimetulia. Mtu angeniuliza mahali pale panasikikaje, ningemjibu bila kufikiri: mto unavuma, ndege wanalia, basi.

Juzi juzi nikaona nipachunguze kwa adabu badala ya kupasifia tu. Nikajiwekea utaratibu: dakika 30, macho yamefumbwa, mara nne kwa siku moja. Alfajiri, saa nne asubuhi, saa nane mchana, saa tatu usiku. Dakika 10 za mwanzo siandiki chochote, kwa sababu nimegundua dakika za mwanzo mtu hasikilizi mahali, anasikiliza kichwa chake. Madeni, ugomvi wa jana, kazi ya kesho. Baada ya hapo nachukua daftari, naweka nukta katikati ya ukurasa, hiyo ndiyo mimi, kisha kila sauti naiweka upande ilikotokea, karibu au mbali na nukta kadiri ninavyoisikia.

Ramani ya alfajiri ilijaa. Vyura upande wa kushoto, wengi hata nikaacha kuhesabu. Ndege mmoja mwenye noti tatu, anarudia zilezile kama mtoto anayekariri. Kitu kizito kimeanguka majini, chubwi! Tumbo langu. Mchana ramani ilikuwa karibu tupu, majani na nzi tu, na mbali kabisa mtu anagonga chuma. Usiku nyenje walizoa kila kitu. Na katika ramani zote nne, kuzunguka ukurasa mzima kama fremu, nimeandika maneno yaleyale: *mto unavuma*.

Kuna Mkanada mmoja, R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki aliyefariki mwaka 2021. Yeye na kikundi chake pale Chuo Kikuu cha Simon Fraser ni miongoni mwa walioanza kusikiliza mahali kwa utaratibu, mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuendelea. Alizigawa sauti kwa namna ninayoipenda. Kuna sauti za ishara, zinazokuita uzisikie: king'ora, kengele, honi. Kuna alama za sauti, zile ambazo zikiondoka mahali hapo panakuwa si pale tena. Na kuna sauti ya msingi, ambayo iko muda wote hadi hakuna anayeisikiliza, lakini nyingine zote zimekaa juu yake. Nikasema vizuri, sauti ya msingi ya jiwe langu ni mto. Nikafunga daftari, nimeridhika.

Wiki mbili baadaye nikarudi asubuhi. Nikakaa, nikafumba macho, nikadhani masikio yameziba. Nikameza mate. Nikapiga miayo kwa makusudi. Wapi. Vyura nawasikia, ndege wa noti tatu namsikia, ila ule mvumo haupo. Nikafumbua macho: mto huo hapo mbele yangu, umejaa, unakwenda, na umekata kauli. Nilipoinamisha kichwa karibu na maji ndipo nikasikia kitu kidogo kwenye mizizi ya mti mmoja, kama mtu anayenong'ona na maji mdomoni. Hiyo ndiyo sauti yote ya mto ule.

Nilipokuwa narudi nikakuta barabara kuu imefungwa kwa matengenezo. Ipo nyuma ya miti, mita kama 300 kutoka kwenye jiwe. Huioni kabisa ukiwa umekaa.

Wakuu, miaka mitatu nimetulizwa na matairi.

Swali langu si la kitaalamu. Hapo nimepata kitu au nimepoteza? Na nyie mna mahali mliwahi kupasikiliza mkakuta sivyo mlivyodhani? Karibuni.

#2 Mzee wa Kambi

Naweka kambi hapa. Ila mkuu, miaka mitatu hukusikia hata lori moja?

#3 Mkaa Jiweni

Malori nilikuwa nayasikia, Mzee. Nikawa nayaona wageni wanaopita kwenye makazi ya mto. Nilikuwa nayakasirikia kabisa kwamba yananiharibia mto wangu!

#4 Mpima Desibeli

Mleta uzi usijilaumu sana. Kazi yangu ni kupima kelele, na kosa hilo lina sababu zake.

Gari dogo likishavuka mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kelele kubwa inatoka kwenye matairi na lami, si kwenye injini. Ni sauti pana isiyo na noti, nguvu yake nyingi iko karibu na hezi 1,000, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde. Maji yanayokwenda nayo hutoa sauti pana isiyo na noti. Ukiyachanganya mamia ya magari kwa mbali, huwezi kulitenga hata moja. Unabaki na "shhhh" moja ndefu.

Halafu barabara haipotei kwa umbali kama unavyotarajia. Chanzo kimoja, tuseme mtu anayeita, ukiongeza umbali mara mbili hupungua desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Barabara ni mstari wa vyanzo, kwa hiyo ukiongeza umbali mara mbili inapungua desibeli 3 tu. Na miti huzuia macho kuliko inavyozuia sauti. Ulipewa pazia, ukadhani ni ukuta.

Kuhusu mto kukata kauli: maji yenyewe yakiteleza tu hayalii. Kinacholia ni viputo vya hewa vinavyonaswa ndani yake. Marcel Minnaert, Mbelgiji aliyehamia Uholanzi, alilieleza hilo mwaka 1933, kwamba kila kiputo ni kama kengele, kikiwa kidogo hulia juu, kikiwa kikubwa hulia chini. Kiputo chenye upana wa milimita 2 hulia karibu na hezi 3,000. Mto wenye kina, usio na mawe wala maporomoko, hauna viputo, kwa hiyo hauna sauti. Pale kwenye mizizi maji yanajikunja yanameza hewa, ndiyo maana ukasikia pale tu.

Nina maswali mawili. Usiku mvumo ulikuwa unaongezeka? Na baada ya mvua?

#5 Mkaa Jiweni

Umejuaje? Usiku ulikuwa unaongezeka. Nikawa nawaambia watu kwamba usiku mto unazungumza. Baada ya mvua pia, nikasema umejaa. Na sasa ndiyo nakumbuka kwamba kiangazi mto ukishuka hadi mawe ya katikati yanatokeza, mvumo ulikuwa uleule. Hilo sikulitafutia maelezo, nikaliruka.

#6 Mpima Desibeli

Usiku usio na mawingu ardhi hupoa haraka, hewa ya chini inakuwa baridi kuliko ya juu, na sauti iliyokuwa inapanda inapinda kurudi chini. Magari ni machache lakini yanakufikia vizuri zaidi. Na lami ikilowa, tairi linakamua maji, "shhh" inapanda. Kila dalili uliyokuwa nayo ilikuwa ya barabara. Ya kiangazi ndiyo pekee ingekuamsha, nayo ndiyo uliyoiruka.

#7 Dada Irabu

Mimi nafundisha lugha, si fizikia, ila nadhani sikio lako lilikuwa limeshajua. Soma ulichoandika mwenyewe: *mto unavuma*.

Kuvuma ni neno la upepo, la nyuki, la ngoma ya mbali, na la mto mkubwa uliojaa mpaka kingo. Mto wako ni wa kina na mtulivu. Maji ya namna hiyo Kiswahili kinayaambia yanatiririka, yakipita penye mawe yanabubujika, yakivuja yanachuruzika, yakianguka yanaporomoka. Uliandika neno la kitu kisicho na mwanzo wala mwisho, kinachotoka pande zote. Ndivyo ulivyosikia. Kisha macho yakakuambia mwenye sauti ni mto, ukaweka mto mbele ya neno.

Ndiyo maana wanafunzi wangu nawakataza kutaja chanzo. Usiandike "gari", "ndege", "mlango". Andika mlio, mvumo, mrindimo, kishindo, mchakacho, mkwaruzo, mwangwi. Andika kama inakatika au haikatiki, inakuja au imetulia. Chanzo kije mwisho, tena kwa penseli. Mwanafunzi akishaandika "gari" anaacha kusikiliza, kwa sababu gari analijua.

(Na jamani "kelele" si aina ya sauti. Ni malalamiko.)

#8 Kibuyu Kitupu

Naomba niwe mkorofi. Mtu amekaa kwenye jiwe, kapumzika, katoka mzima. Maji au matairi, faida si ileile? Mnampotezea mwenzenu raha yake kwa hezi.

#9 Mkaa Jiweni

Kibuyu, hilo ndilo swali linaloninyima usingizi. Nilirudi barabara ilipofunguliwa. Mvumo umerudi uleule, jiwe lilelile, na nikakaa dakika saba nikaondoka. Hakuna desibeli hata moja iliyoongezeka.

#10 Mpima Desibeli

Na hapo ndipo kipimo changu kinapoishia. Kuna kiwango cha kimataifa, ISO 12913 cha mwaka 2014, kinachosema mandhari ya sauti ni mazingira ya sauti *jinsi mtu anavyoyasikia, anavyoyapitia au anavyoyaelewa*, katika muktadha wake. Yaani mandhari ya sauti haiko hewani peke yake. Nusu yake iko kwako.

Wasanifu wanalijua hilo. New York kuna bustani ndogo katikati ya majengo, Paley Park, ilifunguliwa mwaka 1967. Mwisho wake wameweka ukuta wa maji yanayoporomoka, kimo mita 6 hivi. Maji yale yana sauti kubwa kweli kweli, lakini watu hukaa pale kupumzika kwa sababu yanafunika magari ya mtaani. Wao walileta maji yafunike barabara. Wewe barabara yako ilivaa nguo za maji.

Ila Kibuyu, usidhani mwili unadanganyika kama akili. Shirika la Afya Duniani, kwa upande wa Ulaya, lilishauri mwaka 2018 kelele za barabara zisizidi wastani wa desibeli 53, na usiku 45, kwa ajili ya moyo na usingizi. Ukilala karibu na barabara ukaiita mto, moyo haujali umeiitaje.

#11 Fimbo Nyeupe

Nimesoma uzi wote kwa programu inayonisomea. Mimi sioni tangu nikiwa mdogo. Nimecheka kidogo, mtanisamehe.

Mkaa Jiweni, umesema ulifumba macho. Hukuyafumba. Ulikuja ukiwa umeshaona mto, ukafunika kope tu. Picha ilibaki ndani.

Mimi nikifika mahali pageni siulizi kuna sauti gani. Nauliza nini kimesimama na nini kinatembea. Kitu kinachotembea, hata kiwe mbali vipi, hakikai upande mmoja. Simama, geuza kichwa taratibu kulia na kushoto, mvumo wa barabara utausikia una uzito upande mmoja kuliko mwingine, na uzito ule unahamahama. Mto uko pale pale. Jambo la pili, tafuta kivuli cha sauti. Simama nyuma ya kitu kikubwa, shina nene au kona ya ukuta. Kinachofifia kimetoka upande ule. Dakika mbili zingekutosha badala ya miaka mitatu.

Na mnasahau kwamba mahali penyewe pana sauti hata pasipolia kitu. Nikipita kando ya ukuta nausikia ukuta. Mlango ukiwa wazi nausikia uwazi wake, sauti ya hatua zangu inapotelea mle badala ya kunirudia. Chumba kilichohamishwa samani najua kabla sijagusa chochote. Mnaorodhesha vinavyolia, mnaacha vinavyojibu.

#12 Mkaa Jiweni

Fimbo Nyeupe, asante, na shikamoo kama unanizidi umri. "Vinavyojibu" nimeiandika kwenye jalada la daftari.

#13 Ngazi ya Nne

Mimi niliwahi kufanya zoezi kama hili kwenye ngazi za jengo ninalokaa. Niliona aibu kidogo, jirani akipita najifanya nafunga kamba za viatu.

Nilichogundua ni kwamba jengo zima lina noti. Iko muda wote, kama mtu anayeimba amefunga mdomo. Ni umeme. Umeme wa majumbani hutetema mara 50 kwa sekunde, nchi nyingine 60, na transfoma na mota huvuma mara mbili ya hapo, hezi 100 au 120. Siku umeme ulipokatika ndipo nikajua ilikuwepo. Pakawa na kimya cha ajabu, kisha mlango mmoja ukafunguliwa juu, na mwingine chini, watu wanatoka kuangalia. Nikasikia umbo la jengo kwa mara ya kwanza: ghorofa ngapi, nani yuko ndani.

Tangu siku hiyo naisikia noti ile kila siku. Kuhusu swali la mleta uzi, mimi nasema nimepoteza. Nisingechunguza ningekuwa sijui kama jengo langu linavuma.

#14 Mzee wa Kambi

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Endeleeni, kambi haijavunjwa.

#15 Kibuyu Kitupu

Sasa si urekodi tu kwa simu umalize ubishi? Sikio linadanganya, mashine haidanganyi.

#16 Mkaa Jiweni

Nilirekodi, na mashine ilidanganya kuliko mimi. Rekodi ya alfajiri na ya saa nane mchana zilikuwa na ukubwa uleule! Kumbe simu nyingi hujipandishia sauti zenyewe pakiwa kimya na kujishusha pakichangamka, ili mazungumzo yasikike. Kwa anayepiga simu ni msaada, kwa mchunguzi ni balaa. Ikabidi nitafute programu inayoniruhusu kufunga kiwango, nihifadhi faili lisilobanwa, na nivalishe maikrofoni sifongo, maana upepo mdogo tu unasikika kama tembo anapumua.

Baada ya hapo nikaitazama sauti kwenye spektrogramu, ile picha inayoonyesha muda kwa upana na masafa, yaani noti ni ya juu au ya chini, kwa kimo. Hapo nilikaa saa nzima. Barabara ni ukungu chini kabisa, hauna ukingo. Vyura wamekaa juu ya ukungu. Nyenje wana mstari wao juu zaidi, mwembamba, kama uzi wa fundi. Na yule ndege wa noti tatu, noti ya kwanza imezama ndani ya ukungu, mbili ndizo zinatokeza. Siku barabara ilipofungwa zote tatu ziko wazi.

Hapo ndipo niliacha kujihurumia. Tunazungumza raha yangu kwenye jiwe, wakati kuna mwingine pale ambaye theluthi moja ya maneno yake haifiki.

#17 Mpima Desibeli

Hilo limechunguzwa. Mwaka 2003 Hans Slabbekoorn na Margriet Peet walionyesha kwamba kule Leiden, Uholanzi, ndege wadogo wa aina moja wanaoishi penye kelele huimba kwa noti za juu zaidi kuliko wenzao wa penye utulivu, ili waikwepe ngurumo ya mji iliyo chini. Na mwaka 2020, watu walipojifungia kwa sababu ya korona, shomoro wa eneo la San Francisco waliimba kwa sauti ndogo zaidi lakini wakasikika mbali zaidi, na masafa ya chini waliyokuwa wameyaacha wakayarudia.

#18 Dada Irabu

Kwa hiyo walikuwa wanapiga kelele kama sisi tunavyofanya penye spika. Hawakuwa wanaimba juu kwa kupenda.

#19 Ngazi ya Nne

Kuna Mmarekani, Bernie Krause, alirekodi bonde moja la milima ya Sierra Nevada mwaka 1988, kabla miti haijakatwa. Wakataji waliahidi kukata kwa kuchagua, mti huu na ule, mazingira yasiguswe. Mwaka mmoja baadaye akarudi. Ukitazama kwa macho, hata kwa picha, hakuna kilichobadilika. Rekodi ilikuwa karibu tupu, kijito na kigogota mmoja. Nikisoma habari ya jiwe lako nalikumbuka bonde lile. Macho yalisema msitu upo.

#20 Fimbo Nyeupe

Macho yamesemwa vya kutosha kwenye uzi huu, naanza kuyahurumia.

#21 Mkaa Jiweni

Nimerudi na taarifa. Nilifuata maelekezo ya Fimbo Nyeupe. Nilisimama nyuma ya shina nene nikageuza kichwa, uzito wa mvumo ukahama waziwazi, nikaona aibu. Kisha nikatembea na maji kuelekea chini, macho wazi safari hii, nikisimama kila hatua 20. Hatua 140 hivi kutoka kwenye jiwe langu ukingo unapanda juu ya kichwa, barabara inafifia kama mtu amefunga mlango, na kuna mti umeanguka majini. Maji yanaupanda, yanaanguka upande wa pili, yanameza hewa. Viputo vya Minnaert tele. Mto unazungumza kweli, ila kwa sauti ndogo na bila mpangilio, inabidi umsogelee. Haitulizi kama ule mvumo. Unakaa umetega, kama unasubiri amalize sentensi.

Nimehamia hapo. Hakuna pa kukaa, nakaa kwenye matope.

#22 Mzee wa Kambi

Na jiwe la zamani?

#23 Mkaa Jiweni

Jana nimepita nikakuta mtu amelikalia. Amevua viatu, macho amefumba, anatabasamu. Barabara ilikuwa imechangamka kweli. Nikasimama nyuma yake kidogo, mdomo umeshafunguka.

Nikapita.

#24 Fimbo Nyeupe

Ungemwambia.

#25 Kibuyu Kitupu

Amwambie nini? Amwache.

#26 Mzee wa Kambi

Afadhali umenyamaza. Ungezima mto wa watu mchana kweupe.